Alama Mbili za Shemeji

Asubuhi ile gazeti lilisomwa kwanza na mke, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Siku zote mume ndiye aliyekuwa wa kwanza. Analichukua mlangoni kabla hajanawa uso, analifungua kutokea nyuma, kwenye michezo, anatafuta jina lake juu ya habari, analiona, anaridhika, ndipo wengine wanaruhusiwa kulishika. Leo alikuwa amejifunika shuka mpaka puani, anasikiliza kurasa zikifunuliwa sebuleni.

"Baba watoto!"

Akaanza kukoroma.

"Koroma tu. Kumbe wewe unakoroma ukiitwa! Hebu toka uje unisomee hapa, labda macho yangu yameingiwa na moshi."

Akatoka akijikuna ubavu. Mke alikuwa amesimama katikati ya sebule na koti lake jeupe la duka la dawa tayari mwilini, kidole amekikita kwenye kisanduku kidogo chini ya ukurasa.

"Soma."

"Si unajua kusoma, mama watoto?"

"Nimesema soma, tena kwa sauti. Mkono haukuona aibu kuandika, mdomo unaona aibu ya nini?"

"Kipa," alisoma mume, akakohoa, akarudia. "Kipa: mbili."

"Kati ya ngapi?"

"Kumi."

"Haya. Na mdogo wangu jana, mbele ya watu wote wale, kapangua penalti ngapi?"

"Mbili," alijibu mume, na kwa upumbavu wake akadhani hesabu hiyo ingemsaidia. "Kwa hiyo unaona..."

"Ahaa! Kumbe ulikuwa unahesabu penalti! Na angezipangua tatu je, ungempa tatu?"

Tuelewane kwanza kabla hawajaanza kurushiana vyombo. Katika mji huu, kila baada ya mechi kubwa, magazeti huchapisha kisanduku cha alama. Kila mchezaji ana alama yake kati ya kumi, na watu hugombana juu ya alama hizo makazini, kwa vinyozi na hata misibani kuliko wanavyogombana juu ya magoli. Aliyezitoa kwenye gazeti hili kwa miaka mingi ni huyu bwana aliyesimama hapa na fulana yenye tundu, ambaye wenzake wanamwita Mkongwe. Kipa wa timu kubwa ya mji naye ni mdogo wake mke, kijana mrefu, mpole, anayelala chumba cha uani cha nyumba hii hii, na mshahara wake wa klabu ndio unaolipa kodi. Maana Mkongwe, pamoja na ukongwe wake wote, hajawahi kuajiriwa. Analipwa kwa habari. Habari ikitoka anakula, isipotoka anabaki na jina lake kubwa.

Basi miaka yote hiyo Mkongwe alikuwa akimpa shemeji yake sita. Kafungwa matano, sita. Hakufungwa hata moja, sita. Siku moja kijana alikuwa na homa, hakucheza kabisa, alikaa benchi amejifunika taulo, na bado akapewa sita. Wasomaji si wajinga. Wakamwita kijana wa watu Sita, uwanja mzima, mpaka waokota mipira.

Sasa ghafla, siku ambayo Sita amecheza mpira ambao hata wazee wanasema hawajauona, siku ambayo alitolewa uwanjani kwenye mabega ya watu, gazeti la shemeji yake linasema mbili.

"Kuna nini hapa?" aliuliza mke. "Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Kakukosea nini mdogo wangu?"

"Hajanikosea kitu." Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Aliyeanzisha mambo yote ni mhariri mkuu. Alikuwa mgeni kazini, ameletwa na wenye gazeti kutoka kampuni ya bima, na mpira alikuwa ameuona zaidi kwenye kalenda. Wiki iliyopita alimwita Mkongwe ofisini kwake akamwambia akae, jambo ambalo halikuwahi kumtokea Mkongwe katika ofisi ile.

"Nafasi ya mhariri wa michezo iko wazi," alisema. "Meza ya dirishani. Mshahara. Kitambulisho chenye picha."

Mkongwe akameza mate. Alikuwa ameianza kazi hii kwa kusoma matokeo kwenye kipaza sauti cha uwanjani, akaja kutumwa kwenye mashindano ambayo hakuna mwingine aliyeyataka, mbio za baiskeli kwenye mvua, drafti za wastaafu, akaandika, akafundisha vijana watatu kuandika, na wote watatu wamekuja kuwa wakubwa wake, mmoja baada ya mwingine. Kila nafasi ilipotangazwa aliambiwa wewe ni wetu, subiri. Mwishowe akawa anasubiri kwa mazoea tu.

"Tatizo ni moja," aliendelea mhariri mkuu. "Wasomaji wanasema gazeti letu lina undugu. Huyu Sita ni nani?"

"Ni shemeji yangu, mkuu."

"Basi ndiyo hiyo. Mimi nataka ukali. Nataka mtu asiyemwogopa hata shemeji yake. Jumamosi kisanduku nitakisoma mimi mwenyewe."

Na hapa lazima nitoe siri ya kazi za watu, mniwie radhi. Mechi huchezwa jioni. Mtambo wa kuchapa gazeti ni wa kukodi, na wenye nao wana kadi za harusi za kuchapa baadaye, kwa hiyo ukurasa wa michezo huondoka mapema. Habari kubwa huachiwa pengo la matokeo, yakapigiwa simu dakika ya mwisho. Kile kisanduku cha alama, chenye michoro na rangi zake, hakisubiri. Kinajazwa mchana, waandishi wakishatoka kula, wakati wachezaji hawajashuka hata kwenye basi. Beki anapewa saba kwa sababu juzi alikuwa saba. Winga anapewa tano kwa sababu ana maringo. Atakayefunga goli utapiga simu aongezewe moja. Wanafanya hivyo waandishi wote wa magazeti yote, na wasomaji wanasema jamaa hawa wana jicho!

Basi Jumamosi mchana Mkongwe aliandika mbili, akatuma. Kisha akaenda uwanjani, na Mungu amsamehe, akawa anamwombea shemeji yake afungwe goli la kipuuzi.

Halikufungwa. Penalti ya kwanza Sita aliipangua kwa ncha za vidole. Mkongwe akatoa simu mfukoni, namba ya chumba cha habari ikiwa tayari. Akafikiri. Nikiwaambia waandike tisa, mhariri mkuu atasema nini? Atasema undugu. Ukweli wenyewe, siku ile moja, ulikuwa umefanana na upendeleo. Penalti ya pili Sita aliizuia kwa mguu akiwa tayari ameanguka upande mwingine. Jukwaa zima lilisimama, watu wasiojuana wakakumbatiana, na Mkongwe naye akasimama na kupiga makofi, kisha akairudisha simu mfukoni.

*

Sita aliingia sebuleni kutoka uani akichechemea, vidole vimefungwa bandeji, uso umejaa usingizi na furaha.

"Shemeji! Uliiona ile ya pili? Ulikuwa umekaa upande gani? Nilikutafuta jukwaani nikupungie mkono."

Dada yake akampa gazeti. Kijana akasoma. Akalisogeza karibu na macho, kisha akacheka.

"Wamekosea hawa. Ni mitambo hiyo, sivyo shemeji? Mitambo imeruka."

"Mitambo ile," alisema Mkongwe akitazama ukuta, "ni ya zamani sana."

"Nilijua tu. Pole, shemeji. Watakutukana bure."

Mke alimtazama mume wake tangu utosini mpaka unyayoni. Kisha akachukua mkoba wake akatoka kwenda kazini, na mlango ukafungwa kwa kishindo kilichowaamsha watoto.

*

Kazini Mkongwe alipokelewa na mhariri mkuu mwenyewe kwenye ngazi.

"Mbili! Bwana wewe, mbili! Simu zinapigwa tangu alfajiri. Watu wanatutukana vibaya sana."

"Samahani, mkuu, nilikuwa nataka kueleza..."

"Unaomba samahani ya nini? Wanatutukana wakiwa wamelinunua! Huko mapokezi gazeti limeisha, tumeazima nakala kwa jirani. Hongera, mhariri."

Akamvika kitambulisho shingoni mbele ya watu. Picha ilikuwa ya zamani, imetolewa kwenye faili, ya wakati Mkongwe ana nywele. Meza ya dirishani kweli ilikuwa dirishani, ingawa dirisha lilitazama ukuta wa jengo la pili. Mshahara nao ungekuja, alielezwa kwa sauti ya chini, baada ya kipindi cha majaribio.

"Majaribio ya nini, mkuu? Mimi ni Mkongwe."

"Ni utaratibu. Hata mimi nilijaribiwa."

Alipewa pia msaidizi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiandika ukurasa wa nyota mpaka ukurasa huo ulipofutwa. Alikaa, akafungua daftari jipya, akauliza maswali ya mgeni.

"Hizi alama, mkuu, tunaziandika saa ngapi?"

"Mchana."

"Si mechi inachezwa jioni?"

"Utazoea."

"Ajabu," alisema mtu wa nyota. "Nilidhani nimeacha utabiri."

Mkongwe hakucheka. Aligeuza kitambulisho upande usio na picha. Nyumbani, aliamua, asingesema kitu kwa sasa. Angesema nini? Kwamba ndoto yake ya maisha imetimia, na bei yake ni ile pale chini ya ukurasa?

*

Jioni Sita alirudi na viatu vyake vya mpira mkononi, akaviweka pembeni, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mgeni.

Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa klabu, muuza vifaa vya ujenzi mwenye tumbo na miwani, kuomba nyongeza, maana baada ya penalti zile mbili kila mtu njiani alimwambia sasa ndiyo wakati. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, akamwagizia soda, kisha akafungua droo akatoa gazeti.

"Akaniambia, hata shemeji yako, unayekula naye meza moja, amekupa mbili. Mimi ni nani nikupe zaidi?"

"Kwa hiyo hakuna nyongeza," alisema dada yake.

"Nyongeza? Dada, ananipunguzia. Nusu. Nikitaka nisaini, nisipotaka niondoke."

"Nusu!" Mke akakaa. "Na kodi?"

Watoto, waliokuwa wakifanya hesabu za shule mezani, waliacha kalamu. Mkubwa wao akasema mtaani leo wamemwambia baba yako mchawi, na mama yake akamwambia nyamaza, kisha akageuka kwa mume wake.

"Sasa tuambie kuhusu mitambo."

Ikabidi aseme. Alisema akitazama vidole vyake vya miguu, akaeleza mchana, na kisanduku, na wenye kadi za harusi, na mhariri mkuu anayetaka ukali. Cheo hakukitaja. Alisema tu kwamba kuna mtu alitaka ukali.

"Uliandika kabla hatujacheza?" aliuliza Sita polepole.

"Kabla."

"Sasa zile sita?"

"Nazo."

"Zote?"

"Shemeji, wote tunafanya hivyo."

"Hata ile siku nilipopasuka nyusi nikakataa kutoka? Nilidhani ile sita ulinipa kwa moyo."

"Siku ile," alisema Mkongwe, "nilikuwa nimetoka kula tu, nikajaza."

Aibu aliyoiona usoni mwa kijana yule ilimchoma kuliko matusi yote ya siku ile. Sita hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia tu, na hakujua aweke wapi mikono yake mikubwa.

"Kesho," alisema mke, "utafuatana naye mguu kwa mguu mpaka kwa mwenyekiti, ukaseme hayo hayo. Na usiniletee mitambo."

*

Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa juu ya duka lake, ikinuka rangi na saruji. Aliwapokea kwa bashasha.

"Mwandishi mwenyewe! Karibu, mkali wetu. Sema."

"Mzee, ile alama ya mbili si ya kweli. Niliiandika kabla ya mechi."

"Kabla ya mechi! Makubwa haya." Mwenyekiti akavua miwani. "Na zile sita za miaka yote?"

Mkongwe akamtazama Sita. Sita akatazama makopo ya rangi.

"Nazo, mzee."

"Yaani za uongo?"

"Ziliandikwa mchana."

"Basi huyu kijana nimemlipa miaka yote kwa alama za uongo! Ukisema mbili ni kweli, anastahili nusu. Ukisema mbili ni uongo, na sita pia uongo, mimi ndiye ninayepaswa kurudishiwa. Chagua wewe, mwandishi. Mimi sina neno."

"Lakini mzee," alisema Sita, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupaza sauti mbele ya mtu aliyemlipa, "wewe mwenyewe si ulikuwepo? Ulikaa jukwaa kuu. Uliniona."

"Mimi?" Mwenyekiti alishangaa kweli, hakuwa akiigiza. "Nilikuwa nimeupa uwanja mgongo, nazungumza na wafadhili. Unadhani mwenyekiti anakwenda uwanjani kutazama mpira? Mimi nasoma magazeti, mwanangu, kama watu wote."

Kisha akaona nyuso zao, akalegea kidogo. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa amezoea tu bei zilizoandikwa.

"Sikilizeni. Leo alasiri nina mkutano na waandishi. Aseme pale, mbele ya wenzake. Kesho nikiliona kwenye gazeti, hata gazeti moja, kwamba kijana alistahili zaidi, nampa mshahara wake wote na kidogo juu yake. Lisipoandikwa, asaini nusu. Mimi naamini kilichoandikwa."

*

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa klabu, penye viti vya plastiki na meza ya soda na biskuti ambayo waandishi walikuwa wameishambulia kabla ya salamu. Walikuwepo wa magazeti yote. Mtu wa nyota alikaa mbele na daftari lake. Sita alisimama nyuma, mgongo ukutani.

Mwenyekiti alitangaza mikataba, akasema kuna maswali? Mkongwe akainua mkono. Alikuwa amekiacha kitambulisho mfukoni.

"Si swali," alisema. "Ile mbili niliyompa kipa, niliiandika mchana, mpira haujachezwa. Sikuona kitu. Jioni nilipoona, nilikuwa na nafasi ya kupiga simu nikabadili, sikupiga. Nilikuwa na tamaa zangu. Yule kijana pale nyuma alistahili tisa. Kama kuna mtu alistahili mbili siku ile, ni mimi."

Ungetegemea zogo, au kicheko, lakini wapi! Mwandishi wa gazeti la kwanza alianza kukagua viatu vyake. Wa la pili akatafuta kitu kwenye mkoba ambacho ni wazi hakikuwemo. Mwandishi mzee wa gazeti shindani, mtu aliyekuwa akitoa alama tangu enzi za mashati ya kola ndefu, akainua mkono haraka akauliza jezi mpya zitakuwa za rangi gani. Mwenyekiti akasema bluu. Wote wakaandika bluu, kwa bidii kubwa.

Nje, Sita alimkumbatia shemeji yake mpaka miguu ikaacha ardhi.

"Umesema! Shemeji, umesema mbele za watu! Hao wengine waache, wewe una gazeti lako. Nakwenda kumwambia dada."

Akaondoka anakimbia, kuchechemea kote kumekwisha. Mkongwe alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kwa kweli alijisikia mtu. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu ajisikie hivyo, na akatembea mpaka ofisini badala ya kupanda gari, ili hali ile isimwishe haraka.

*

Habari ya mkutano ilikuwa mezani kwake. Mtu wa nyota alikuwa ameiandika vizuri, kwa sentensi fupi. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mhariri wa michezo wa gazeti hili amekiri kuandika alama za mechi kabla haijachezwa.

"Umeianza na hili?" aliuliza Mkongwe.

"Si ndilo lililotokea?"

"Ndilo. Ila habari ya mkutano ni mikataba. Watu wanataka mikataba kwanza."

Akaishusha ile sentensi mpaka aya ya pili. Akaisoma. Neno "amekiri" lilikuwa kali, mtu anakiri polisi. Akaweka "ameeleza". Aya ya pili nayo ilikuwa ya jezi, na jezi zilikuwa na picha, kwa hiyo sentensi ikashuka tena, ikakaa chini kabisa, baada ya rangi ya bluu. Bado ipo, alijiambia. Atakayesoma mpaka mwisho ataiona.

Mhariri mkuu alipitisha kichwa mlangoni.

"Nasikia kulikuwa na maneno kwenye mkutano."

"Kidogo, mkuu."

"Mimi siyajui, wala sitaki kuyajua. Ukurasa ni wako." Akatabasamu, akaenda zake. Kwenye bima alikuwa amejifunza kutouliza.

Kisha likaja tangazo la godoro, limelipiwa, kubwa kuliko lilivyoahidiwa. Habari ikazidi nafasi kwa mistari michache. Na kila mtu wa gazeti anajua habari ikizidi inakatwa kutokea chini, hiyo ni kanuni, haina mambo ya mtu binafsi. Mkongwe alikaa mbele ya kioo cha kompyuta. Angeweza kukata bluu. Angeweza kukata picha ya jezi. Angeweza kwenda kumwambia mwenye godoro apungue. Akafikiria meza ya dirishani, akafikiria miaka yake ya kusubiri, akafikiria atakavyokuwa mtu wa kwanza kuandikwa kwenye ukurasa wake mwenyewe kwamba ni mwongo. Akamfikiria Sita pia, tusimwonee. Alimfikiria muda mrefu. Kisha akakata kutokea chini.

"Imeingia yote?" aliuliza mtu wa nyota akivaa viatu vya kuondokea.

"Nafasi ilikuwa ndogo."

Yule mama alimtazama, akafunga daftari lake, akaaga.

*

Asubuhi Sita ndiye aliyelipokea gazeti. Alikuwa ameamka kabla ya watu wote, ameoga, amevaa shati la pasi. Alilitandaza mezani, dada yake akainama begani kwake, na wakalifungua kutokea nyuma. Mkongwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Safari hii hakujifanya amelala.

Wakaisoma habari ya mkutano mpaka mwisho, wakakuta godoro. Wakairudia. Sita akafunua ukurasa wa pili, akafunua wa biashara, akafunua matangazo ya vifo, akapita kwenye siasa mpaka mbele kabisa, kisha akageuza gazeti lote na kuanza upya.

"Haipo," alisema dada yake.

"Subiri, labda wameiweka kwa maandishi madogo."

"Haipo, mdogo wangu."

Sita akanyanyua kichwa. Hakukuwa na lawama yoyote kwenye macho yake, na hilo ndilo Mkongwe asingeweza kulisahau.

"Wamekukata, shemeji," alisema. "Pole sana. Wewe umesema ukweli wako mbele za watu, wao wamekukata. Hawa wahariri wamekunyanyasa miaka yote, sasa naona kwa macho yangu. Hebu niambie, anayepanga huu ukurasa ni nani? Niende nikazungumze naye, kiungwana tu. Labda kesho atatoa. Mwenyekiti nitamwomba anisubiri siku moja."

"Huwezi kumwona," alisema Mkongwe.

"Kwa nini? Ni mtu mkubwa sana?"

"Si mkubwa."

Mke alikuwa amekwisha kumgeukia. Miaka yote ya ndoa ilikuwa imemfundisha kuisoma shingo ile inapolegea.

"Baba watoto," alisema taratibu. "Mhariri wa michezo siku hizi ni nani?"

Watoto waliacha kutafuna. Mkongwe alifungua mdomo, na kwa mara ya pili ndani ya siku mbili akasema kweli tupu, ila safari hii hakukuwa na wa kumkumbatia.

"Ni mimi. Tangu juzi."

Mke alikaa kwenye kiti, koti lake jeupe limefungwa kifungo kimoja, akafunika mdomo kwa mkono. Sita alilikunja gazeti vizuri, kwa mikunjo yake ileile, akaliweka katikati ya meza.

"Hongera, shemeji," alisema. Hakuwa akikejeli, hakuijua kejeli. "Cheo hiki ulikitaka muda mrefu."

Kisha akainama kufunga kamba za viatu.

"Unakwenda wapi?" dada yake alimuuliza.

"Kusaini," alisema Sita. "Mwenye nyumba anakuja Ijumaa."